Kibarua Kikiota Nyasi, Madevelopa Wanacheka

Wadau, kama una rafiki developa na umewahi kumwona kwenye daladala anacheka peke yake huku anasoma habari za makampuni kupunguza wafanyakazi, usimpeleke kwa mganga. Yuko sawa kabisa. Sisi habari zetu tunazisoma hivyo.

Naandika programu za kompyuta hapa hapa Dar, mwaka wa saba sasa. Niko kwenye kundi moja la WhatsApp la mafundi wa kazi hii, jina nalihifadhi. Mtu wa nje akichungulia mle atadhani ni kundi la vichekesho. Habari ikitoka Marekani saa nne usiku, saa nne na dakika tano stika zishapangwa. Uchambuzi hakuna, ni utani mwanzo mwisho.

Chukua ile ya Februari 2024. Bosi mmoja wa kampuni kubwa ya chipu, tajiri wa kutupwa, mzee wa makoti ya ngozi, alipanda jukwaani Dubai akasema siku hizi si lazima tena kila mtoto ajifunze kuandika programu, maana kompyuta itaelewa lugha ya kawaida ya binadamu. Dada mmoja kundini akajibu: "Mteja wangu anaongea lugha ya kawaida ya binadamu mwaka wa tatu huu na bado sijamwelewa." Watu walikufa kwa kicheko. Lakini ile sentensi ina shule nzima ndani yake. Nusu ya kazi yetu ni kumbana mtu mpaka aseme anataka nini hasa. Anakuja na "nataka kitu kama M-Pesa, ila kidogo tu, Ijumaa kiwe tayari." Haya, anza.

Machi 2025 bosi mwingine, huyu wa kampuni ya akili mnemba, akatabiri kuwa ndani ya miezi mitatu hadi sita mashine zitakuwa zinaandika asilimia 90 ya kodi. Kwa wasio wa fani, kodi ndiyo tunavyoyaita maandishi yanayoiendesha programu. Jamaa mmoja amepanga Sinza akauliza swali moja tu: "Sawa, kodi zote zitaandika. Na ile ya mwenye nyumba, miezi sita mbele, italipa nani?"

Halafu kuna Ijumaa ya Julai 19, 2024. Katika kazi yetu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: Ijumaa usiguse kitu kinachofanya kazi. Siku hiyo kampuni moja ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikagoma. Skrini za bluu kila kona, abiria wamelala viwanja vya ndege, hospitali zinahangaika. Dunia inauliza hisa zimeshuka kiasi gani. Kundini mtu akaandika: "Mwenzetu mmoja huko leo hajala." Tulicheka, ila angalieni lile neno: mwenzetu. Hatumjui, hatujui hata jina lake, ila kila mmoja wetu alimwona kichwani, mikono kichwani, simu inaita.

Na Julai 2025 ikaja ile ya mashine ya akili mnemba iliyofuta kanzidata ya kampuni, na ilikuwa imeambiwa wazi isiguse kitu. Ilipoulizwa ikajieleza kwamba iliingiwa na kiwewe. Jibu la kundi: "Karibu kazini, sasa umeshakuwa mmoja wetu."

Nawasimulia yote haya ili mjue utani huu una kazi yake. Mtu anayeambiwa kila wiki kwamba kazi yake inakufa ana mawili, alie au acheke, na kulia hakuendani na kazi ya kukesha. Novemba 2022 Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000, Januari 2023 Google ikafuata na 12,000. Hapo ndipo mtu kundini akatengeneza stika ya mbuzi anakula nyasi juu ya kibodi. Si mnajua, kibarua kikiota nyasi lazima mbuzi ashibe. Ikawa ndiyo stika ya kundi. Kampuni ikitangaza tu, mbuzi huyo.

Mpaka siku moja mwaka huu, mchana, dogo mmoja akaandika: "Jamani, mbuzi kafika kwangu."

Dogo ana miaka 23, anakaa Mbagala, ilikuwa ajira yake ya kwanza, anafanyia nyumbani kazi ya kampuni ya nje. Barua pepe ilikuwa na mistari minne. Alipomaliza kuisoma, akaunti zake zilikuwa zimeshafungwa. Mshahara ule ndio uliokuwa unalipa ada ya mdogo wake wa kike.

Dakika ishirini hakuna aliyetuma stika. Kwa kundi lile ni kama msiba.

Kisha mmoja wa wakongwe akauliza: "Nani ana kazi ndogo ampe dogo?" Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Hakuna aliyekuwa nayo. Tovuti ya duka, fomu ya usajili, kurekebisha kitufe, kujaribu programu kabla haijatoka, vile vibarua vya kumpa chipukizi havipo. Jamaa mmoja akasema kweli tupu: "Hizo siku hizi namaliza na mashine kabla chai haijapoa." Hakuwa anajisifu, na hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, vile vibarua ndivyo vilikuwa jando letu. Mimi nilijifunzia kwenye fomu ya chuo kimoja, wiki nzima natafuta kwa nini majina yenye king'ong'o yanakataliwa, kumbe ni alama moja tu aliyoiacha mtu kabla yangu. Malipo yake hayakutosha hata nauli, lakini tangu hapo najua kusoma kazi ya mtu mwingine na kuona pale ilipolala. Sasa ukiondoa ngazi za chini, miaka kumi ijayo nani ataamshwa saa nane usiku seva ikizima? Mashine ikifuta data, nani atajua zilikuwa wapi?

Hotuba ya Dubai haigusi hapo, na takwimu za kufukuzwa watu hazimhesabu dogo ambaye kazi aliyotakiwa aipate haikutangazwa kabisa.

Yule dada wa mteja asiyeeleweka ndiye aliyefanya kitu. Alikuwa na programu ya malipo, sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Akamwita dogo, akampa hela kidogo, akamwambia: "Kazi yako ni kuivunja." Siku ya tatu dogo akazima data katikati ya malipo, akawasha, akabonyeza tena. Mteja akakatwa mara mbili. Kwenye intaneti isiyokatika, hilo lisingeonekana. Sisi ambao Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikawa inavizia mtandao, tunajua hela za watu zingeondoka vipi. Dogo akauliza: "Kwani kuna mtu aliyeiambia mashine kwamba Mbagala mtandao unakata?"

Kwa hiyo ninyi mnaonitumia inboksi kuuliza kama msome kompyuta au muachane nayo: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Someni. Ila jifunzeni kukagua kazi kuliko kuifyatua, kwa sababu kufyatua kumeshapata mwenyewe. Na wakongwe wenzangu, mhunzi hafundwi kwa barua. Anafundwa kwa kusimama karibu na moto, na anayemsogeza hapo ni mimi na wewe. Ukimaliza kazi na mashine kabla chai haijapoa, mwite dogo aikague, umlipe.

Dogo bado hajapata ajira ya kudumu. Ada ya muhula huu amelipa nusu. Stika za mbuzi zimerudi kundini, na anayezituma sana ni yeye mwenyewe.

Haya wadau mlio kwenye fani: nani ana kazi ndogo? Semeni hapo chini, naye anasoma.