Usinunue Seti ya Vipande 61, Nunua Ngozi

Wasee, leo tuongee kuhusu vifaa. Kila wiki lazima nipate meseji ya mtu akiuliza, "Nataka kuanza kazi ya ngozi, ninunue seti gani?" Halafu ananitumia picha. Unajua zile: kimfuko kimekunjuliwa, vipande sitini na moja vimejipanga mstari, vishikio vya mbao vinang'aa, kuna mihuri ya maua, sindano za kila saizi na nyundo tatu. Bei ya zamani imekatwa kwa nyekundu. Ofa inaisha usiku wa manane, na kesho usiku wa manane itaisha tena.

Jibu langu ni lile lile: usinunue. Si ati kila kitu ndani ni takataka. Shida ni kwamba hiyo seti haina ngozi, na ngozi ndiyo kitu utauza. Hakuna mteja atakuja kwako kununua muhuri wa ua.

Na najua nikisema hivi najikata mfukoni. Juzi muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitaka nifanye video ya kusifu seti kama hiyo, nilipwe kwa kila mtu atakayenunua kupitia kwangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, landilodi haelewi mambo ya video, kwa hivyo usidhani nina doo ya kuchezea. Nilikataa kwa sababu namjua anayenunua. Ni msee wa miaka ishirini ambaye kila mtu, kuanzia mwanasiasa hadi mjomba wake, amemwambia "jiajiri". Ana elfu chache za kukopa kwa simu. Akizimwaga zote kwa vifaa, biashara imekufa kabla haijazaliwa.

Nimeona ikitokea. Beshte yangu mmoja alipewa na mathe wake pesa za chama, zamu yake ilipofika. Mathe angeweza kununua matangi ya maji, akaamua kijana aanze maisha. Seti ikaja na boda, tukapiga picha. Wiki mbili baadaye jamaa alikuwa na mihuri kumi na miwili na hakuna hata kipande cha ngozi cha kuipigia. Akaanza kuuza kifaa kimoja kimoja kwa nusu bei. Mathe hajawahi kumuuliza pesa zilienda wapi, na hiyo ndiyo inamuuma zaidi.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi naongeza kidogo: jembe lichague, lakini moja, halafu pesa zingine zote ziende kwa mbegu.

Kwa hivyo unahitaji nini kweli? Vitu saba. Hesabu nami.

Cha kwanza, kisu. Hata kile cha kukatia karatasi, chenye wembe wa kuvunja, kinatosha ukikiweka makali. Nunua msasa wa maji kwa hadwea au kwa wanaouza rangi za magari, namba 1000 na 2000. Uweke juu ya kioo au kigae, noa taratibu, halafu malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi. Kisu butu ndicho kinakata vidole, kwa sababu unasukuma kwa nguvu na kinateleza. Kata kwa mapitio matatu mepesi badala ya moja la hasira, na mkono wa pili usikae mbele ya makali.

Cha pili, rula ya chuma. Ile ya plastiki kisu kitaimega, na mstari wako utakuwa na matuta kama barabara ya mtaani kwetu.

Cha tatu tayari unacho nyumbani. Kumbuka ile seti ya hesabu ya primari, kulikuwa na kale kachuma ka miguu miwili yenye ncha? Ipanue milimita tatu au nne, mguu mmoja uegemee ukingo wa ngozi, buruta. Umepata mstari wa kushona ulionyooka. Kwenye zile seti za mtandaoni wanakuuzia kitu hicho hicho kwa jina la kigeni.

Cha nne, msharasi, ile chuma yenye ncha na kishikio ambayo fundi wa viatu anatobolea. Mashimo yaweke umbali sawa, milimita nne kwa mfano. Kama huna kifaa cha meno cha kupimia, uma wa jikoni utakuwekea alama, msharasi umalizie kazi.

Cha tano, sindano mbili zenye ncha butu. Mbili, si moja, nitakueleza. Cha sita, uzi wa polista na kipande cha nta ya nyuki. Uzi wa pamba achana nao, jasho na maji huuozesha. Cha saba, nyundo ya mbao au ya plastiki, kwa sababu ya chuma inaharibu vichwa vya vifaa vyako. Ya kupigia juu yake, nenda kwa mafundi wanaokata granaiti za jikoni, uombe kipande kilichovunjika. Mara nyingi kwao ni taka. Kwako ni meza nzito isiyoruka kila ukigonga.

Basi. Ramani ya kazi ichore kwa karatasi ya manila, ikate, ndipo uiweke juu ya ngozi. Manila ukikosea unanunua nyingine.

Sasa mashine. Najua utauliza, kwa sababu kila mtu anaona aibu kushona kwa mkono. Cherehani ya kawaida ya nguo haikuundwa kusukuma sindano kwenye milimita sita za ngozi, yaani vipande viwili vya mkanda juu ya kingine. Utaichosha bure. Ile kubwa ya kazi nzito ni pesa ambayo usiikope ukiwa huna wateja. Ukipata oda ya mifuko ishirini, tafuta fundi mwenye mashine, umlipe akushonee. Ukiona unamlipa kila wiki, hapo mashine yako itakuwa na hesabu yake.

Na kushona kwa mkono si umaskini. Mshono wa mkono unatumia uzi mmoja wenye sindano kila mwisho. Sindano ya kushoto inapita shimo hilo, ya kulia inapita shimo hilo hilo ikitoka upande wa pili. Kila shimo lina nyuzi mbili zinazopishana. Uzi ukikatika mahali pamoja, ule mwingine bado umeshika. Wa mashine una nyuzi mbili zinazoshikana katikati, ukikatika na ukaanza kuvutwa, unafumuka. Hii ndiyo pointi ya kumwambia mteja anayeuliza mbona bei yako iko juu. Mkoba wako akikaa nao miaka, atajua. Uzi ukate mara nne ya urefu wa mshono, upitishe kwenye nta, na usibadilishe mpangilio wa mikono katikati ya kazi. Mshono ukiona umepinda kama meno ya mamba, ni hapo ulibadilisha.

Haya, ngozi yenyewe. Hapa ndipo pesa yako inafaa kwenda, na hapa ndipo watu wanaibiwa.

Kwanza jua kama ni ngozi. Angalia ukingo na upande wa nyuma. Ngozi ina nyuzinyuzi za asili, zimevurugana. Plastiki nyuma ina kitambaa kilichofumwa. Choma kauzi kadogo: ngozi inanuka nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kuwa tone.

Pili, jua ilitengenezwa vipi. Kuna inayolainishwa kwa chumvi za kromiamu. Kabla haijapakwa rangi huwa ya samawati, na kwa miaka mingi ngozi nyingi ya Kenya imesafirishwa nje ikiwa hivyo, nusu tayari, halafu sisi tunanunua mikoba kutoka huko. Hiyo ya kromiamu ni laini, haiogopi maji sana, nzuri kwa mikoba. Lakini usijisumbue kusugua ukingo wake ung'ae, haukubali. Upake rangi ya ukingo au uukunje. Nyingine hutengenezwa kwa dawa ya magamba ya miti, kama muwati. Eldoret kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kutoa dawa hiyo kwa magamba ya muwati, kwa hivyo si kitu cha Italia pekee. Hii ni ngumu, inashika umbo, ni nzuri kwa mikanda. Ukingo wake uloweshe kidogo, usugue kwa kitambaa cha jinzi au kijiti laini, utang'aa wenyewe.

Tatu, ujue sehemu ya mnyama. Mgongo ni imara, tumbo linavutika. Mkanda ukatwe mgongoni kwa urefu. Ukiukata tumboni, baada ya miezi michache mteja atakuwa anatoboa mashimo mapya kwa msumari na jina lako analitaja vibaya. Tumbo litumie kwa vitu vidogo vya funguo. Angalia pia makovu: alama za kupe, mikwaruzo ya seng'enge, chapa ya moto ya mwenye ng'ombe. Si lazima uyakatae. Mengine ni urembo, lakini bei iteremke, na kovu lisikae mahali pa kukunjwa.

Nne, unene na kipimo. Waleti inataka milimita moja hadi moja na nusu, mkanda tatu hadi nne. Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, kama sentimita 30 kwa 30, na mara nyingi idadi huandikwa nyuma. Kabla ulipe, tandaza, panga zile manila zako juu yake. Kama unaanza, uliza mabaki. Kariokor ukizunguka kwa mafundi wa viatu na mikoba, kuna vipande ambavyo kwao havitoshi kiatu lakini kwako vinatosha waleti tatu. Salimia watu vizuri, "shikamoo mzee" haijawahi kupandisha bei. Na usiharakishe kuondoka. Kusimama nusu saa ukimtazama fundi wa miaka thelathini akikata kutakufunza kuliko video zangu. Ukitaka masomo rasmi, KIRDI wana kituo cha ngozi, na Thika kuna kituo cha serikali cha mafunzo ya viatu.

Ukifika nayo nyumbani, usiifungie kwa mfuko wa plastiki, itaota ukungu, hasa ukiwa Mombasa au msimu wa mvua.

Kitu kingine ambacho hakimo kwa ofa yoyote: dirisha. Gamu ya viatu ina kemikali zile zile zinazofanya watoto wa mtaani wainuse. Ukiwa bedsitter, umefunga mlango kwa sababu ya baridi, unapaka gamu saa tatu, wewe pia unanusa, tofauti ni kwamba hujui. Fungua dirisha au pakia nje. Na uitumie inavyotakiwa: kwaruza ngozi kwa msasa, paka pande zote mbili nyembamba, subiri kama dakika kumi hadi isishike kidole, ndipo ubandike na kugonga. Mtu anayebandika ikiwa mbichi ndiye anasema gamu ni feki.

Mwisho, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme mkanda umekula ngozi ya mia tatu, chuma cha kufungia mia mbili, uzi na gamu hamsini, nauli mia moja. Hiyo ni mia sita na hamsini. Umefanya kazi saa tatu. Ukijilipa mia na hamsini kwa saa, mkanda umefika elfu moja na mia moja, na bado hujaongeza faida. Sasa mteja anakwambia Gikomba kuna wa mia mbili, unaingiwa na huruma, unamwachia kwa mia nane. Umejilipa shilingi hamsini kwa saa. Hiyo si biashara, hiyo ni harambee, na wewe ndiye mchangaji mkuu. Mwambie kwa heshima: ule wa mia mbili ni mzuri pia, huu wangu ukifumuka unaleta nashona bure. Anayejua atarudi.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ubonyeze hiyo ofa, tafuta mabaki ya soo mbili. Kata vipande viwili vya saizi ya kiganja, toboa mashimo ishirini, shona, fumua, shona tena. Fanya hivyo mara tano. Ukifika ya tano vidole vikiwa vinauma na bado unataka kuona ya sita itatokeaje, hii kazi ni yako, na pesa za mathe ziende kwa ngozi. Ukiona imekuboo, umepoteza soo mbili na jioni moja, na pesa za chama bado ziko.