Kokwa, Kumbukizi na Nyuzi: Kuiuliza Kompyuta Hali kwa Kiswahili

Programu ya kuonyesha hali ya kompyuta ni kitu kidogo. Mtumiaji huandika neno moja katika dirisha la amri, hubonyeza kitufe, na mistari michache hujitokeza: jina la mfumo, aina ya kichakato, kumbukizi iliyopo, nafasi ya diski, na muda ambao mashine imekuwa ikiwaka. Basi. Hapana picha wala madoido. Programu za namna hii ni nyingi duniani. Iliyovuma kuliko zote, neofetch, mwenyewe aliifunga mwaka 2024, na nyingine zimeshika nafasi yake. Binti wa dada yangu, aliyekuja likizo hapa Tongoni, aliazimia kuandika yake, iwe nyepesi, iende mbio, na izungumze Kiswahili tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi ya msimbo ni yake. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili niliyefundwa Korogwe katika chuo cha ualimu, nimepewa kazi ya maneno.

Jina halikutusumbua. Watu wa mwambao hawaanzi mazungumzo kabla ya kujuliana hali, kwa hiyo amri ikaitwa *hali*. Unaandika hali, mashine inakujibu yake.

Kuhusu wepesi, alinieleza jambo ambalo nililipenda. Neofetch iliandikwa kwa lugha ya Bash, na kwa mambo kadhaa inayotaka kujua huiita programu nyingine ikaulize. Ni mfano wa karani anayewatuma matarishi kwa maswali hayo: mmoja bandarini, mmoja sokoni, mmoja bomani, kisha anakaa kuwangoja. Katika kompyuta mpya hungojei hata kidogo. Katika kompyuta kuukuu unawaona matarishi wakirejea mmoja mmoja. Binti anatumia lugha ya C, na programu yake husoma yenyewe faili tatu nne zilizomo katika Linux: /proc/meminfo kwa habari za kumbukizi, /proc/uptime kwa muda, /proc/cpuinfo kwa kichakato. Ajabu ya faili hizo ni kwamba hazimo diskini. Mfumo huzitunga papo hapo unapozifungua, kama mzee asiyeandika popote habari za afya yake lakini ukimuuliza anakujibu.

Wepesi huo ulileta sharti ambalo mtunzi yeyote wa mashairi atalitambua mara moja. Dirisha la amri kwa desturi lina upana wa herufi 80. Binti aliligawa mithili ya mshororo wenye ukwapi na utao: upande wa kushoto jina la kitu, upande wa kulia thamani yake. Ukwapi aliupa herufi 9, si zaidi. Nilimuuliza kwa nini 9. Akasema, "Mjomba, nikiongeza, jina la kichakato halitatosha upande wa pili." Nikanyamaza. Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi kwamba mizani haibembelezwi, sasa nami nimefundishwa na binti yangu mwenyewe.

Herufi 9 ziliamua mengi. *Tarakilishi* lina 11, likatoka; *kompyuta* lina 8, likabaki. Sikusikitika. Tarakilishi ni neno lililotungwa kwa ustadi, ila hapa kijijini sijawahi kumsikia mtu akisema tarakilishi yake imeharibika. *Kumbukumbu* lina herufi 10, *kumbukizi* lina 9. Herufi moja tu ilitosha kumaliza mjadala ambao ungetuchukua juma zima. Hata bila hesabu hiyo ningechagua kumbukizi. Kumbukumbu ni kitu kinachodumu: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za wazee. Kumbukizi ya kompyuta husahau kila kitu umeme ukikatika. (Magazeti nayo siku hizi yanaita kumbukizi siku ya kumkumbuka marehemu, jambo linalonikera, lakini hilo tuliache.)

Neno lililotutesa kweli lilikuja baada ya kumbukizi. Programu za Kiingereza huandika *free*. Katika shule moja ya wilaya hii kuna chumba cha kompyuta kuukuu zilizotolewa msaada. Aliyekuwa akikisimamia alisoma neno hilo, akaona tarakimu ndogo mbele yake, akaamua kwamba mashine nne zimejaa na hazifai. Zikawekwa kando, zikafunikwa shuka, na wanafunzi wakabanana watano watano mbele ya zilizobaki. Mashine zenyewe zilikuwa nzima. Linux haipendi kuacha kumbukizi ikae bure. Sehemu isiyotumika huiazima ili kutunza nakala za faili zilizokwisha kusomwa, na programu mpya ikihitaji nafasi huirudisha upesi. Kwa hiyo iliyo tupu kabisa huwa kidogo hata pale ambapo inayoweza kupatikana ni tele. Watengenezaji wa Linux wenyewe waliuona utata huo, na mwaka 2014 wakaongeza katika faili ile mstari wa pili, unaokadiria kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa.

Binti alikuwa ameandika *huru*. Nilimwambia kumbukizi huru ni ile iliyopata uhuru, na ya kwetu haijawahi kutawaliwa. *Bure* ni bei. *Tupu* ni sahihi, lakini ni sahihi kwa mstari ule ule uliompotosha msimamizi. *Imebaki* inadai kwamba nyingine yote imekwisha, nayo haijaisha, imeazimwa tu. Tukaishia kwenye kitenzi cha kawaida cha dukani: *yapatikana*. Ukiuliza sukari, muuzaji hakwambii gunia lipi li tupu, anakwambia kama yapatikana. Sasa mstari unasomeka hivi: kumbukizi, yapatikana MB 1180 kati ya 1987. Tulipoipeleka programu katika chumba kile, mashine zile nne zilivuliwa shuka siku ile ile.

Hapo ndipo ninapowalaumu, kwa heshima, wanaodhani kutafsiri ni kubandika neno juu ya neno. Kazi kubwa imefanywa na wataalamu wetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, na menyu zake zikasema Kiswahili. Naiheshimu kazi ile. Lakini neno huthibitika pale mtu anapolisoma kisha akatenda jambo: akaiwasha mashine au akaifunika.

Muda nao ulikuwa na mtego wake. Toleo la kwanza liliandika: imewaka saa 3. Mwalimu mmoja kijana alisoma akasema, "Si kweli, niliiwasha saa mbili na dakika arobaini." Wote wawili, yeye na mashine, walikuwa sahihi. Kwa Kiswahili *saa 3* ni muda, na pia ni wakati wa asubuhi. Dawa ilikuwa kihusishi kidogo ambacho wanafunzi wangu walizoea kukidharau: imewaka *kwa* saa 3 na dakika 12. Kisha binti akaongeza, kwa hiari yake: tangu saa 2:40 asubuhi. Mashine huanza siku yake saa sita usiku. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Programu hutoa saa sita, na jambo limekwisha.

Na kichakato? Hapo sikutaka kubadili lolote, maana neno hilo ni la kwetu kuliko wengi wanavyojua. Mtoto wa Tanga hakujifunza kuchakata katika kamusi. Mkonge uliletwa Kikokwe, ng'ambo ya mto Pangani, mwaka 1893. Miche ilikuwa elfu moja, ikapona 62, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyowaleta manamba kutoka kila pembe. Katika korona, jani bichi huingia upande mmoja, mashine ikalichakata, singa nyeupe zikatoka upande wa pili na maji machafu yakaenda zake. Nilipokuwa mdogo sauti ya mashine hiyo ilisikika mbali. Aliyeamua kwamba ubongo wa kompyuta uitwe kichakato, alijua au hakujua, aliupa jina la korona. Tena kuna la ziada. Wahandisi husema kichakato hufanya kazi kwa nyuzi, na binti alipoandika mstari wa *viini 2, nyuzi 4*, nilicheka peke yangu barazani. Kichakato kinachotoa nyuzi! Nani wa mkoa huu atahitaji kufafanuliwa?

Viini hivyo vilituletea ugomvi mdogo. Vitabu huita kiini sehemu ya kichakato, na huita kiini pia moyo wa mfumo, ule unaozitunga faili za /proc. Maneno mawili ya Kiingereza, neno moja letu, katika mistari inayofuatana. Nilitoka nje nikatazama chini ya mwembe. Yai lina kiini. Embe lina kokwa. Moyo wa mfumo ukawa *kokwa*, herufi 5, na viini vikaachiwa kichakato. Binti alisitasita kwa kuwa hakuna kamusi inayolitaja hivyo. Nikamkumbusha kwamba hata mahali tulipoketi, Wareno walipokuja mwishoni mwa karne ya 15 palijulikana kwa jina la Mtangata.

Umebaki mstari mmoja. Kumbukizi ikijaa, mfumo huhamishia baadhi ya vitu diskini, katika eneo lililotengwa, na kuvirudisha vinapotakiwa. Binti anataka *akiba*. Mimi nakataa: akiba huwekwa kabla ya shida, hiki ni kitu kinachosukumwa pembeni wakati wa shida. Nimependekeza *uchaga*, kwa kuwa ndiko vyombo hupandishwa nafasi ikiwa finyu chini. Yeye anasema kizazi chake hakijui uchaga ni nini. Msomaji mwenye neno lisilozidi herufi 9 na atupatie. Kwa sasa programu huusoma mstari huo katika faili, kisha huuruka.