GEMU LINAUA TV? KISA CHA DOGO WA NKUHUNGU NA PLAZMA YA MAMA YAKE

Dogo mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, kamaliza form four, kazi hakuna. Akachomeka PS3 ya mtumba kwenye TV ya mama yake. Mama akienda sokoni Majengo, huku nyuma washkaji wanacheza, mechi moja 500. Hela ya luku ikawa haikosekani.

Usiku mmoja mama anaangalia taarifa ya habari, anaona kivuli kwenye kona ya kioo. Ubao wa magoli! Kabadilisha chaneli, kivuli kipo pale pale.

"Mwanangu, umeniulia TV."

Gemu likapigwa marufuku, na hela ya luku ikakata.

Kesho yake fundi akaja, akawasha kioo kikawa cheupe chote. Vivuli viwili: ubao wa magoli, na kona nyingine nembo ya chaneli ambayo mama anaiacha usiku kucha hadi anasinzia.

Kumbe gemu lenyewe halina kosa. Shida ni picha inayoganda sehemu moja masaa mengi. Plazma, ambazo Samsung na LG waliacha kuzitengeneza 2014, zinaugua sana hivyo, na OLED pia. LED za kawaida ni nadra. Dawa ni kupunguza mwanga na kutoacha picha moja muda mrefu.

Mama kimyaaa. Halafu: "Haya, cheza, ila saa mbili tu."

Na yeye siku hizi anazima TV kabla ya kulala. Hapo nani alimuua nani?