Mtafuteni Mtu Kabla ya Kukitafuta Kitu

Wajukuu zangu,

Mirathi ina sheria zake, na siku yangu ikifika kadhi atagawa nyumba na shamba kama dini inavyoagiza. Barua hii inahusu yale makabati ya chumba cha uani, yenye vibao, picha, beji, vitabu vya ratiba na magazeti ya mashindano ya magari ya Safari. Nimeona baadhi yenu mmeanza kuyafungua na kuulizauliza. Mmenifurahisha sana, na kwa kuwa nguvu zimepungua, naandika wakati mkono bado unatii.

Ninawausia jambo moja, na mengine yote yatalifuata: mtafuteni mtu kabla ya kukitafuta kitu. Kibao cha bati chenye picha ya kifaru kitadumu miaka mingi hata kikitupwa stoo. Fundi aliyekifunga kwenye bampa usiku wa kuamkia mbio, akiwa na kurunzi mdomoni, hadumu hivyo. Wenzake wengi wamekwisha kutangulia. Akizikwa bila kuulizwa, hakuna mnada wala soko litakalowarudishia alichokijua. Kwa hiyo mkiwa na nauli ya safari moja tu, na mbele yenu kuna muuza vibao upande mmoja na mzee wa gereji upande mwingine, nendeni kwa mzee.

Sisi wa njia ya Korogwe na Lushoto tuliyaona magari hayo kwa macho yetu. Mashindano yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo maana yaliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakawa East African Safari Rally, na mwaka 1974 jina likabaki Safari Rally tu. Miaka hiyohiyo ya sabini njia zake zikabaki Kenya peke yake. Enzi zetu yalikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika, na udongo wa Mbulu au wa Usambara ukilowa haumtambui bingwa wa Ulaya. Mwaka baada ya mwaka mabingwa hao walikuja na magari mapya na mafundi wao, na mwaka baada ya mwaka wakashindwa na wenyeji. Ilikuwa 1972 ndipo dereva kutoka ng'ambo aliposhinda, Hannu Mikkola wa Ufini, akisaidiwa na Gunnar Palm, kwa Ford Escort.

Nayataja majina na miaka kwa sababu ndiyo mizani yenu ya kwanza. Mtu akiwaletea kibao kilichoandikwa Coronation Safari na mwaka 1962, kirudisheni kwa adabu. Kimetengenezwa na mtu asiyejua jina lilibadilika lini. Mkikuta kitu cha zamani kisicho na mwaka lakini kina hesabu ya mashindano, jumlisheni na 1952. Ya 13 ni ya mwaka 1965, ya 21 ni ya 1973, na ya 50 ni ya 2002. Kikitaja Tanzania, si cha kabla ya mwishoni mwa 1964. Picha ya gari la Kenya lenye namba inayomalizikia na herufi haiwezi kuwa ya miaka ya sitini wala sabini, hata muuzaji aape vipi, kwa maana mtindo huo wa namba ulikuja mwishoni mwa miaka ya themanini. Haya mambo madogo huyaoni mpaka uwe umesoma, na ukishasoma huwezi tena kutoyaona.

Kuna mtego mwingine ambao hata vitabu hunaswa nao. Orodha nyingi za washindi huanza na Alan Dix na Volkswagen yake, 1953. Lakini mwaka ule magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei zake, na hapakuwa na mshindi wa jumla. Akija mtu na kikombe cha ushindi wa jumla wa 1953, mwulizeni kimetoka wapi kabla hamjauliza bei. Vivyo hivyo, mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawa, wote wakiendesha Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Kadi za muda za mbio zile zingekuwa na thamani kuliko kombe lolote, maana ndani yake ndimo uamuzi ulimotoka. Karatasi chafu yenye mihuri ya vituo na saini ya msimamizi inaeleza mambo ambayo kombe linalong'aa haliyajui. Mimi ningeichagua karatasi.

Sasa niseme juu ya walioshindwa, kwa maana hapo ndipo penye utajiri na ndipo wakusanyaji wengi hawaendi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Wakusanyaji wa dunia nzima wanayafukuzia yale yaliyomaliza. Je, yale mengine yalikwenda wapi? Yalikatika springi, yalizama mitoni, yalipasuka matangi ya mafuta, yakaachwa kandokando ya barabara karibu na vijiji vya watu. Madereva walipandishwa lori wakarudi Nairobi, na nyuma yao zikabaki taa, madumu, milango yenye namba, ramani zilizolowa. Kitu cha namna hiyo kiko kwa mtu hadi leo. Kuna nyumba ambazo mlango wa banda la kuku una namba ya mbio chini ya rangi, na mwenye nyumba anajua hasa ulikotoka kwa sababu baba yake ndiye aliyekwenda kulivuta gari lile kwa ng'ombe.

Mkifika nyumba kama hiyo, msianze na pesa. Kaeni, kunyweni mnachokaribishwa, sikilizeni. Andikeni jina la mzee na la baba yake, kijiji, mto, mwaka kama anaukumbuka, na kama haukumbuki mwulizeni ilikuwa kabla au baada ya uhuru, mtoto yupi alikuwa amezaliwa, mvua ilikuwaje. Baada ya hapo, ikiwa kitu kinauzwa, mwambieni bei yake ya kweli ya sokoni. Nawakataza kabisa kumnunulia mjane albamu ya mumewe kwa bei ya chupa za soda kisha kuiuza Ulaya. Kama hamna uwezo wa bei ya haki, ombeni ruhusa mzipige picha zile picha, mwachieni albamu yake, na mumrudishie nakala safi.

Mjini mtakwenda Gerezani kule Dar es Salaam na Kirinyaga Road kule Nairobi. Waliobaki pale ni watoto na wajukuu wa mafundi, lakini hadithi za gereji hurithiwa pamoja na spana. Msisahau pia familia za Kihindi na Kisingasinga. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Nyuma ya jina lake kulikuwa na gereji nzima za watu waliochomelea, waliofunga na kufungua, na wengi wa jamii zao walihamia Uingereza na Kanada, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972. Albamu nyingi za Kampala ziko Leicester leo, kama hazikupotea katika haraka ile. Andikeni barua. Wazee wa huko hufurahi mtu wa nyumbani akiwauliza.

Katika nyaraka za umma, anzeni na magazeti: East African Standard, Daily Nation, Tanganyika Standard na Uganda Argus. Tafuteni matoleo ya wiki ya kabla ya Pasaka yenye orodha za magari na namba zake, kisha ya wiki baada yake. Maktaba ya McMillan Nairobi, Nyaraka za Taifa za Kenya na za Tanzania, na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kushinda, si pa kupitia. Mkipata kwa muuzaji ukurasa wenye muhuri wa maktaba, msiununue. Pelekeni taarifa unakotoka. Anayekata gazeti la maktaba amewaibia wasomaji wote watakaokuja.

Tazameni majina ya wapiga picha. Mohamed Amin, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa picha za njaa ya Ethiopia, alianza kupiga picha za mashindano haya akiwa bado kijana Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapohapo. Kwa hiyo geuzeni kila picha muone mgongo wake kwanza. Muhuri wa mpiga picha, tarehe ya penseli, maelezo yaliyobandikwa na chumba cha habari, hivyo ndivyo vinavyotenganisha picha halisi na nakala. Kisha wekeni lenzi juu yake: mkiona vidoto vilivyopangana, hiyo ni chapa ya kitabu au gazeti, haikusafishwa kutoka kwenye filamu.

Vibao navyo vina ushahidi wao. Kilichofungwa kweli kwenye gari kina matundu yaliyovutwa na mtikisiko, kutu inayoanzia kwenye skrubu, na mawe yamekigonga upande wa mbele. Cha kuzeeshwa kwa makusudi kimekwaruzwa pande zote sawasawa. Tangu mashindano ya Safari ya magari ya kale yaanze mwaka 2003, vibao vipya vya mtindo wa zamani vimezagaa. Havina kosa vikiuzwa kama mapambo. Kosa ni kuvinyamazia.

Vitu vidogo msividharau. Mwaka 1965 posta ya pamoja ya Uganda, Kenya na Tanzania ilitoa stempu nne za Safari ya 13, na mwaka huohuo kiwanda cha Corgi cha Uingereza kikatoa kigari cha Volkswagen cha Safari, kikiwa na kifaru wake pembeni. Kigari ni rahisi kukipata. Kifaru ndiye anayepotea, na sanduku la karatasi ndilo linalochanika. Cha kwangu kina vyote vitatu, msivitenganishe. Na mkibahatika kufika Japani, ile Datsun 240Z iliyoshinda 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller imetunzwa Zama, katika hifadhi ya Nissan, bado ina mibonyeo ya barabara zetu. Waliomiliki gari lile walielewa kwamba kuinyoosha bodi kungefuta mbio zenyewe.

Nanyi fanyeni hivyohivyo. Msioshe tope la kibao, msing'arishe shaba ya beji, msipitishe karatasi kwenye mashine ya plastiki. Hapa pwani adui ni unyevu na mchwa, basi makabati yasigusane na ukuta, na miguu yake ikaguliwe kila mwezi. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Filamu ikianza kunuka siki, iwekeni mbali na nyingine siku hiyohiyo na muinakili haraka, maana ugonjwa huo huambukiza kabati zima.

Kuna deni moja ambalo nimeshindwa kulimaliza. Vitabu vimehifadhi majina ya madereva, na mara nyingine ya wasaidizi wao wasoma ramani. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967, na ni haki kwamba jina lake linatajwa pamoja na la Chris Rothwell. Lakini vijana waliosukuma magari yale kwenye matope, waliokata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, wamo kwenye picha bila majina. Utakuta maelezo yanataja gari, dereva, mto, kisha yanasema "wanakijiji". Walikuwa na majina, na wengine wako hai. Bahasha ya kaki kwenye droo ya chini ina picha za namna hiyo, na daftari la majina niliyoyapata limo humohumo.

Vitabu vya ratiba na magazeti mtakapoyachoka, yapelekeni Nyaraka za Taifa, yakiwa pamoja, na mdai risiti. Beji gawaneni mtakavyo. Bahasha ya kaki haigawanywi. Tengenezeni nakala kubwa, mwende nazo Mbulu na Lushoto baada ya mavuno watu wakiwa na nafasi, mkawaonyeshe wazee mmoja mmoja, na kila uso utakaotambuliwa muuandike daftarini siku ileile pamoja na jina la aliyeutambua.

Funguo anazo shangazi yenu. Msalimieni mama yenu sana.

Ni mimi, babu yenu.