Nyumba ndogo zilizofundisha polisi kuchunguza kifo

Msichana akionekana anapenda kuwashonea nguo wanasesere, wengi husema anajiandaa kuwa mama. Kwa Frances Glessner Lee wa Chicago, Marekani, sindano ilimfikisha kwingine kabisa.

Alizaliwa mwaka 1878 katika familia ya kitajiri. Kaka yake alisoma Harvard. Yeye hakupelekwa chuo. Alichonacho ni kazi za mikono alizofunzwa nyumbani, na alizijua kweli kweli. Mwaka 1913 alimtengenezea mama yake zawadi ya siku ya kuzaliwa: okestra nzima ya Chicago, wanamuziki 90 wadogo, kila mmoja na ala yake.

Rafiki wa kaka yake, Dk George Magrath, alikuwa mchunguzi wa vifo. Ndiye aliyemfungua macho jinsi ushahidi unavyopotea polisi wanapokanyaga damu au kusogeza maiti ovyo. Miaka ya 1940, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 60, Lee akaanza kujenga vyumba vya kufundishia, inchi moja ikisimama badala ya futi moja. Kazi ya mbao alimwachia seremala. Soksi za marehemu alizifuma mwenyewe, kwa pini.

Waliokufa humo ni watu wa kubuni, aliowatunga kutokana na kesi halisi. Wengi ni wanawake, tena wa nyumba za kawaida, si za kitajiri kama kwao. Katika chumba kimoja mama amelala sakafuni jikoni. Viazi vimemenywa nusu, koki za gesi ziko wazi, magazeti yamesokomezwa kwenye nafasi za milango. Amejiua, au kuna aliyetaka ionekane hivyo?

Ngozi ya mwanasesere huyo ameipaka rangi ya waridi. Hiyo ni dalili ya sumu ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, ileile inayotoka kwenye jiko la mkaa. (Ndiyo maana jiko hilo halilazwi chumbani hata kuwe na baridi kiasi gani.) Asiyejua akiona wekundu ule atadhani mtu amesinzia tu.

Polisi wa New Hampshire walimpa Lee cheo cha kapteni mwaka 1943. Alifariki mwaka 1962. Vyumba vyake 18 vimehifadhiwa Baltimore, katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo la Maryland, na wapelelezi bado wanafundishwa kwavyo. Majibu ya kesi nyingi yanafichwa, kwa kuwa mtihani haujaisha.