Nasaha kwa Mpwa Kuhusu Ubongo Unaodaiwa Kulala

Kwa mpwa mpendwa,

Mpwa anaarifiwa kuwa mama yake hajambo, na watoto wa dada yake wamefungua shule. Barua hii, hata hivyo, imeandikwa kwa sababu ya habari iliyopita midomoni mwa watu hadi ikamfikia mjomba wake, kwamba mpwa ameacha kwenda chuoni na anatafuta mnunuzi wa fungu lake la kiwanja ili alipie mafunzo ya kuamsha ubongo, ambayo wauzaji wake wanadai kuwa binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, na asilimia 90 iliyobaki imelala ikingoja vidonge vyao.

Dai hilo ni kongwe. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika mwaka 1907 kwamba watu hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wao wa akili na mwili, lakini hakuitajia sehemu hiyo asilimia, wala hakusema kuwa kuna eneo la ubongo lisilo na kazi. Mwaka 1936, James akiwa amekwisha kufariki, Lowell Thomas aliandika dibaji ya kitabu cha Dale Carnegie na humo akambandika marehemu asilimia 10, na tangu hapo namba hiyo imeuza vitabu na filamu, ikiwemo Lucy ya mwaka 2014. Mpwa, aliyefundishwa asilimia na mjomba huyu huyu kabla mwalimu wake hajafika kwenye somo hilo, alipaswa kuuliza kwanza ni nani aliyepima.

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, ilhali hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na ni vigumu kuamini kuwa mwili ungegharimia kiungo kilicholala kwa kiasi hicho. Ni kweli kwamba niuroni, yaani seli zinazopitisha ujumbe katika ubongo, hazitumi ujumbe zote kwa wakati mmoja. Lakini zinapofanya hivyo kwa wingi kupita kiasi, kinachotokea ni kifafa, wala si akili.

Mpwa alikuwa mdogo marehemu mjomba wake mkubwa, fundi seremala, alipopatwa na kiharusi, ugonjwa unaotokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo au mshipa unapopasuka ndani yake. Sehemu iliyoharibika, kwa maelezo ya daktari, ilikuwa ndogo, upande wa kushoto, karibu na eneo ambalo Paul Broca, tabibu wa Ufaransa, alilihusisha na usemi mwaka 1861 baada ya kuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu kinywani. Marehemu aliisoma Fatiha hadi mwisho na kuhesabu moja hadi kumi bila kukwama, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka kwa miaka mingi mara nyingi husalimika katika hali hiyo. Ila alipowekewa randa mbele yake, chombo alichokishika tangu ujana, aliitazama, akaigusa makali kwa mkono wa kushoto, akafungua kinywa, na jina halikuja. Aliombwa aonyeshe msumeno, akauonyesha mara moja. Kama asilimia 90 ya ubongo ingekuwa akiba, jeraha dogo kama lile lingekuwa na nafasi kubwa ya kuangukia mahali pasipo na kazi, lakini matabibu hawajapata eneo kubwa ambalo likiharibika mgonjwa hapungukiwi na kitu.

Mpwa alale mapema, kwani usingizi husaidia kumbukumbu kuliko kidonge chochote cha wauzaji hao, na asiache kumpigia mama yake simu.

Ama kuhusu kiwanja, mpwa anajua kuwa minazi ya babu yake iliuzwa bila mjomba kuulizwa, na waliouza wanapanga chumba hadi leo. Kwa hiyo hati imekabidhiwa kwa mama yake, ambaye ameombwa asiitoe kwa dalali yeyote. Ada ya muhula ujao italipwa na mjomba moja kwa moja chuoni, na mpwa anatakiwa kutuma namba yake ya usajili kabla ya mwisho wa mwezi.

Mjomba wake