Kwa Motokaa ya Paa la Turubali, kutoka Mombasa hadi Ngong

Tangu mwaka 1970 wapenda motokaa wa Afrika Mashariki wamekuwa na mkutano wao Nairobi, uitwao Concours d'Elegance, unaotengenezwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Siku hizi hufanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa desturi mwezi wa Septemba. Si mashindano ya mwendo. Magari hupangwa kwa makundi, kisha waamuzi huyakagua moja moja: rangi ya nje, injini, viti, buti, hata chini ya tumbo la gari, na kila gari hapana budi litembee, taa ziwake na honi ilie. Lililo safi na timamu kuliko wenziwe ndilo lenye ushindi.

Basi hapo pana jambo ambalo sisi twaliona la ajabu kidogo. Gari litokalo mbali kwa magurudumu yake hufika na vumbi, na vumbi ndilo adui wa mshindani. Kwa hiyo wako wenye kulipakia gari lao juu ya lori, wakalifunika gubigubi kama bibi harusi, lisione jua wala njia mpaka lishushwe uwanjani. Watoto wa ami yetu walimtaka afanye vivyo hivyo na Morris Minor yake. Mzee huyu ana umri wa miaka 79, na motokaa hiyo amekuwa nayo tangu 1971. Akawajibu, "Motokaa ikibebwa na motokaa nyingine ni mzigo, haina tofauti na gunia la vitunguu."

Walakini nia yake ilikuwa kubwa zaidi, na sisi alitueleza faraghani. Macho yake yamepungua nguvu. Safari hii aliikusudia ili amtazame mjukuu wake, kijana wa miaka 24, fundi hodari wa magari mapya yanayopimwa kwa kompyuta. Akiiweza motokaa ile, itakuwa yake. Asipoiweza, yuko bwana mmoja wa Nairobi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiitaka kwa fedha, naye angekuwako Ngong. Kijana mwenyewe hakuambiwa neno.

Tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Morris Minor ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, mwaka 1906, zama za dola ya Uthmaniya. Yasimuliwa kwamba gari la mfano lilipokuwa tayari alilitazama akaliona jembamba, akaamuru likatwe katikati kwa urefu wake, nusu mbili zikatengwa kwa inchi 4, na hapo umbo likamridhisha. Athari ya msumeno ule ingaliko: ni ule ukanda ulioinuka katikati ya boneti. Ni watu wachache wenye moyo wa kuikata kazi yao iliyokwisha. Gari hilo lilikuwa la kwanza la Kiingereza kufikia idadi ya milioni moja, na katika miji yetu ya pwani lilijulikana sana. Ya ami ni ya mwaka 1958, injini yake ya sentimita za ujazo 948, na paa lake ni la turubali la kukunjwa kwa mkono. Haina indiketa za kumetameta. Ina vijikono viwili vinavyofyatuka ubavuni kuonyesha upande inakokata.

Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Ijumaa, ami mbele, kijana kwenye usukani, na sisi nyuma pamoja na mikoba na dumu la maji. Jua lilikuwa kali, nasi tulidhani paa lingefungwa. Ami akakataa. Alisema kwamba ndani ya paa mtu husikia mazungumzo, na nje ya paa husikia gari. Tukajifunga vilemba tukanyamaza.

Kutoka Changamwe hadi Mariakani ndipo mahali pa kumwomba Mungu salama. Malori ya bandarini hupanda mlima ule kwa msururu usiokatika, na gurudumu la lori moja lilikuwa sawasawa na bega letu. Madereva hawavioni vile vijikono vya ubavuni, kwa hiyo kijana akikata humlazimu kutoa mkono wake mzima nje. Mara moja basi lilitupita penye kona, na lori likitujia mbele; kijana hakupiga honi wala hakukanyaga breki kwa pupa, bali alitoka taratibu kwenye kokoto za kando, akarudi lilipopita. Ami alikuwa ameshika mlango kwa mkono wa kushoto. Hakusema kitu.

Baada ya Samburu nchi hugeuka kuwa nyika ya Taru, kavu na yenye joto linalopanda kutoka chini. Hapo, kabla ya Mackinnon Road, injini ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Sasa, Morris hii ina pampu ya petroli ya umeme ndani ya boneti, nayo hugonga kama saa ya ukutani: haraka haraka inapojaza kabureta, kisha polepole. Siku ile ilikuwa ikigonga mbio bila kupumzika. Kijana akafungua boneti, akatazama plagi, akatazama nyaya, mkono wake ukaenda mfukoni kwenye simu. Ami alikuwa ametulia kitini akitazama mbuyu. Dakika kumi zikapita hivyo, na malori yakitutikisa kila yapitapo, nasi moyoni tulikuwa tumekwisha kumhesabu yule bwana wa Nairobi kuwa ndiye mwenye gari.

Kijana akarudisha simu mfukoni, akainamisha sikio. "Babu," akasema, "yavuta hewa. Petroli imegeuka mvuke."

Alivua kilemba chake, akakilowesha kwa maji ya dumu, akaizungushia pampu. Akangoja. Ule mgongo wa mbio ukapungua, ukawa polepole, ukasimama. Injini ikawaka kwa mara ya pili.

Tulisali Mackinnon Road, penye msikiti ule mashuhuri ulio na kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa vibarua wakati reli ikijengwa. Wasafiri wengi wa njia hii hawapiti bila ya kusimama pale, na maji yake ya udhu, kwa mtu aliyetoka Taru wazi kichwani, ni neema isiyohitaji maelezo. Usiku tukalala Voi.

Jumamosi njia ilikuwa nyepesi. Tulivuka Tsavo kungali na ubaridi wa asubuhi, tukapita Mtito Andei, na milima ya Chyulu ikawa upande wetu wa kushoto. Makindu tulishuka kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo humlisha kila msafiri bure bila ya kumwuliza dini yake. Mtu huvua viatu na kufunika kichwa, akakaa, akaletewa chapati, dengu na chai. Chakula chao hakina nyama, kwa hiyo Mwislamu hula bila ya wasiwasi. Tumekwisha kula katika hoteli nyingi za njia hii, wala hatujapata ukarimu wa namna ile kwa fedha.

Mbele ni Sultan Hamud, mji uliochukua jina la Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902. Kuanzia hapo motokaa ilionyesha uchovu. Nairobi iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na hewa ya huko ni nyembamba. Injini isiyo na kompyuta ya kuipimia huendelea kunywa petroli ile ile huku pumzi ikipungua. Kijana aliirudisha gia ya tatu kabla ya mlima, si katikati yake. Ami akafumba macho, nasi tukadhani amelala.

Usiku huo kijana alilala chini ya gari, si ndani ya nyumba. Udongo mwekundu wa Voi huingia mahali ambapo mswaki wa meno haufiki, na yeye alitumia mswaki wa meno. Jumapili uwanja wa Ngong ulijaa. Ziliko Ford za kabla ya vita, Volkswagen za kobe, na Peugeot 404, aina iliyoshinda mbio za Safari mara nne kati ya 1963 na 1968. Mwamuzi wetu alikuwa mtu mpole. Alilala chali chini ya Morris, akapitisha kidole juu ya mhimili wa nyuma, akakitoa chekundu. Akauliza ilikotoka, akaambiwa Mombasa, kwa magurudumu. Alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akaandika alichopaswa kuandika. Hatukupata zawadi, na kwa insafu hakukosea: kazi yake ilikuwa kupima usafi.

Alasiri alikuja yule bwana, akataja kiasi ambacho kingeezeka nyumba. Ami akamsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha kijana aliyekuwa akifuta kioo. "Muulize mwenyewe," akasema. Kijana akageuka kutazama nyuma yake, akidhani pana mtu mwingine.

Jumatatu ami alirudi Mombasa kwa treni, kwa kuwa mgongo ulimwuma. Stesheni alimpa mjukuu wake ufunguo na akamwagiza jambo moja tu, kwamba asipite Taru mchana.